Gauni la Rangi ya Magome

Kanji ya muhogo ikikutana na pasi ya moto hutoa harufu ya uji ulioanza kushika sufuria. Leo asubuhi nilikuwa nikipiga pasi gauni la shule la binti yangu Tekla, rinda kwa rinda, na harufu hiyo iliponipanda puani nililazimika kuiweka pasi juu ya kigae na kukaa chini. Rinda la nne lilikuwa limepinda kidogo, nami nilikwisha kulirudia mara mbili. Nimechoka. Nina miaka ishirini na mitano tu, lakini nikinusa kanji najiona mzee.

Kamati ya shule yetu hapa Mkunya imeniomba niandike maoni yangu: je, watoto wote walazimishwe kuvaa sare, au aje kila mtu na alichonacho? Wamenichagua mimi kwa kuwa naandika vizuri. Hawajui kwamba elimu yangu ya darasani iliishia darasa la nne, na yaliyobaki nimejifundisha mwenyewe, kwa magazeti yaliyofungiwa sabuni na kitabu cha sala cha marehemu baba. Tena hawajui kwamba karatasi hii naiandika kwa mara ya tano, maana kila nikifika kwenye jina la Somoe mkono unakwenda mrama na herufi zinakuwa mbaya. Safari hii nimeamua ziwe mbaya hivyo hivyo. Kwa hiyo kabla sijawajibu wanakamati, acha nikwambie wewe unayesoma.

Waingereza walikuwa bado wapo. Pale shuleni kwetu, shule ya misheni ya vyumba viwili vya udongo, picha ya Malkia ilitundikwa juu ya ubao, na jua la saa nane lilikuwa limeshaanza kuupausha uso wake. Tulikuwa tukivaa tulivyojaliwa. Mmoja amefunga khanga ya mama yake shingoni, mwingine ana kaniki nyeusi, mwingine shati la kaka linalomfika magotini. Hakuna aliyeona ajabu.

Kisha akaja Mwalimu Yakobo. Alikuwa kijana mwembamba, kwao Chiwata, huko chini upande wa Masasi. Alikuja na baiskeli na barua ya mkaguzi, na barua ile ilisema kwamba tangu muhula ule wasichana wote wavae gauni jeupe la marekani, wavulana shati jeupe na kaptura ya kaki. Mwalimu aliinakili kanuni hiyo kwa mwandiko wake mzuri akaibandika mlangoni. Atakayekuja na nguo isiyo nyeupe arudishwe nyumbani mpaka airekebishe.

Anayetoka Masasi haoni tatizo hapo. Kule kuna vijito, watu wanafua wakiimba. Sisi tulikuwa juu ya uwanda, juu kabisa, penye ukungu wa asubuhi na udongo mwekundu unaoganda hata kwenye nyusi, na maji yetu yalikuwa chini bondeni. Bomba lilikuwa halijafika. Mama zetu waliondoka jogoo la kwanza, wakateremka genge kwa miguu, wakapanga foleni kwenye kisima kinachotoa maji kwa kujivuta, wakapanda tena na mtungi kichwani jua likiwa limeshakuwa kali. Mtungi mmoja wa kunywa, kupikia na kunawa uso. Mwanamke alikwenda mara moja kwa siku. Kwenda mara mbili ilikuwa ni jambo la msiba. Ukimwona mwenzako anateremka tena mchana, unamwuliza nani kafa.

Na marekani, kama unaifahamu, haiji nyeupe kutoka dukani. Inakuja na rangi ya maziwa yaliyoganda, ina vijiti vijiti vya pamba, na weupe wake unatafutwa kwa kufua na kuanika, kufua na kuanika. Kwa hiyo kanuni ile ya mstari mmoja mlangoni ilikuwa ni mitungi. Nikiwa na miaka kumi na moja sikuliona hilo hata kidogo.

Nitasema ukweli: niliipenda sare. Niliipenda mno. Siku ya kwanza tulipopanga mstari wote weupe, binti wa mpishi wa misheni aliyekuwa na viatu akasimama pembeni yangu mimi niliyekuwa na khanga moja tu nyumbani, na kwa mbali hungejua yupi ni yupi. Moyo wangu ulitulia kwa mara ya kwanza tangu nianze shule. Tangu hapo nikawa na ugonjwa wa weupe. Nilitembea katikati ya njia nisiguse majani. Kanisani nilisimama hata wakati wa kukaa. Mama alizoea kusema kwa majirani, "Huyu Magreti wangu, mkimwachia, atafua hata jivu." Wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nahesabu marinda.

Mwalimu akanichagua kiranja wa usafi. Nilishonewa utepe mwekundu begani. Kila Jumatatu nilipita mstarini na kibao mkononi nikitazama kucha, meno na nguo, na niliyemwandika jina alirudi kwao. Nilikuwa mkali kuliko mwalimu mwenyewe. Najua sasa kwamba ilikuwa ni hofu. Nilidhani nikiacha doa moja la mtu mwingine lipite, nitavuliwa utepe, na nikivuliwa utepe nitarudi kuwa yule mtoto wa khanga moja.

Somoe alikuwa jirani na rafiki yangu, mwenye meno ya mbele yaliyoachana na kicheko kilichosikika nyumba tatu. Kwao walikuwa Waislamu. Baba yake alikuwa amegombana na nduguze kumpeleka shule ya misheni, na ile ruhusa aliitoa kwa masharti. Nilikuwepo alipoitamka, tulikuwa tunamenya muhogo uani kwao. Alisema, "Nenda kasome. Lakini wakikurudisha mara moja, nitavumilia. Mara ya pili, utakaa hapa na jembe, na mimi nitakuwa nimepumzika na maneno ya watu." Somoe akasema, "Ndiyo, baba," kisha akaniminya kiganja chini ya maganda. Alikuwa darasa la pili. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuunganisha silabi zikawa maneno, na alisoma kila kitu kwa sauti, hata maandishi ya magunia.

Ilikuwa msimu wa mabibo. Mikorosho ya mjomba wake ilikuwa bado michanga, ndiyo kwanza inazaa sawasawa, na Ijumaa moja tulipokuwa tunarudi nyumbani harufu yake ilitukamata njiani, ile harufu tamu inayokaba koo. Mabibo yamelala chini, mekundu na ya manjano, yamejaa. Tulikuwa na njaa. Tuliokota, lakini hatukuwa na pa kuyatia.

"Shika gauni lako hivi," nikamwambia Somoe, "tuyatie upindoni."

"Kwa nini langu? La kwako lina matundu?"

"La kwako bado bichi. Langu limeshakuwa jeupe."

Akanitazama, akacheka kile kicheko chake. "Haya, bibi harusi." Akakunja upindo wa gauni, tukajaza. Tulikula tukitembea, mimi nimeinama mbele kama kuku anayekunywa maji ili tone lisiniangukie. Tulipofika kwao tukamimina mengine kwenye ungo. Gauni lake lilikuwa limelowa tu. Halikuwa na doa lolote.

Anayekaa na mikorosho anajua sasa kilichokuwa kinatungoja. Wakati ule miti ile ilikuwa migeni hata kwa wakubwa, na nguo nyeupe ilikuwa ngeni zaidi. Watu wa kaniki hawakuwahi kuonana na doa la bibo. Maji yake yanaingia kwenye nguo kimya kimya. Siku ya kwanza huoni kitu. Ukifua kwa sabuni na kuanika juani, ndipo linapotoka.

Jumapili tulipotoka kanisani nilimkuta Somoe amesimama uani kwetu na gauni mikononi. Hakucheka. Akalikunjua. Kuanzia kiunoni hadi upindoni palikuwa na madoa ya rangi ya kutu, makubwa kwa madogo, yamepakana.

"Magreti, tazama. Mama amefua mara mbili, linazidi."

Mama zetu wawili wakalishika gauni lile kama mgonjwa. Walijaribu chumvi, ndimu, jivu, na majani ya mpapai yaliyotwangwa. Mama Somoe, ambaye goti lake moja lilikuwa bovu tangu zamani, aliteremka bondeni mara ya pili siku ile ile. Wanawake waliokuwa wanapanda walimwuliza nani kafa. Akajibu, "Gauni." Wakadhani anatania.

Mama akaniuliza, "Hivi hii ni nini, mmepita wapi?"

Nikasema, "Sijui, mama." Somoe alikuwa pale. Alinitazama, kisha akatazama chini. Alidhani nitasema nikiwa tayari.

Jumatatu nilimwandika jina. Niseme nini? Doa lilikuwa linaonekana toka mlangoni. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza, na mara ya kwanza baba yake alikuwa ameahidi kuivumilia.

Somoe hakuonekana wiki nzima. Nilipopita kwao niliona moshi nyuma ya nyumba na nikasikia harufu ya magome yanayochemka. Bibi yake alikuwa msusi wa mikeka, na alikuwa na magome yake anayochemshia ukili ushike rangi. Kwa kuwa doa limekataa kutoka, walikata shauri gauni zima lifanane na doa. Walilichovya, wakalianika, wakalichovya tena. Jumatatu iliyofuata Somoe akaja nalo.

Ndugu yangu, lilikuwa gauni zuri. Nakwambia leo, kwa kuwa siku ile sikumwambia mtu. Lilikuwa na rangi moja ya hudhurungi iliyoiva, sawasawa kutoka begani hadi upindoni, limepigwa pasi likakaa kama karatasi. Alisimama mstarini kati ya nguo nyeupe, kidevu juu, akitabasamu na ile nafasi ya meno yake. Alijua limependeza.

Mvulana mmoja nyuma akasema, "Jamani, leo mti umekuja shule!"

"Umwagilieni maji!" mwingine akadakia.

"Maji yenyewe yako wapi?" akajibu Somoe bila kugeuka, "Yote kayamaliza kiranja." Watu wakacheka, wakacheka naye, na kwa dakika moja mambo yalikuwa mepesi.

Mwalimu Yakobo akainua mkono. Akaja taratibu mpaka mbele ya Somoe. Akashika upindo wa gauni kwa vidole viwili, akaugeuza ndani nje, akautazama kwa muda. Kisha akaniita nisogee.

"Kiranja, hebu litazame vizuri. Gauni hili ni safi?"

Nilidhani ananijaribu. Nilidhani anataka kuona kama nitampendelea rafiki yangu mbele ya shule nzima.

"Si jeupe, mwalimu," nikasema.

Hakuondoka. "Nimekuuliza, ni safi?"

Somoe alikuwa ananitazama. Macho yake hayakuwa ya kuomba. Yalikuwa macho ya mtu anayengoja mwenzake amalizie neno wanalolijua wote wawili. Na mimi niliuona ukuta, nikaona ile karatasi mlangoni, nikaona utepe wangu kwa pembe ya jicho.

"Kanuni inasema jeupe, mwalimu."

Mwalimu akaachia upindo. Akasema kwa sauti ya mtu aliyetoka safari ndefu, "Haya. Andika."

Nikaandika. S, o, m, o, e. Niliandika kwa mwandiko mzuri.

Hakulia. Alichukua kibao chake, akapita mbele yangu, akasema, "Kwa heri, kiranja," kama vile tunaagana jioni. Nje ya uzio alikuwa amesimama mama yake na mtungi kichwani, ndiyo kwanza anatoka bondeni. Alikuwa amepitia pale amwone mwanawe mstarini na gauni jipya. Waliondoka pamoja. Mama Somoe alikuwa anachechemea, na maji hayakumwagika.

Baba yake alikuwa mtu wa neno lake.

Jioni ile Mama Somoe alikuja kwetu kurudisha ungo. Mama alimpa kigoda, akakataa kukaa. Nilimwamkia nikiwa nimejibanza mlangoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Kisha akamgeukia mama. "Mama Magreti, mtoto wako ana macho makali. Anaona mbali." Akaenda zake.

Mama alirudi kuchambua mbaazi. Halafu akasema bila kuniangalia, "Ungo huu una madoa yale yale, ya mabibo. Somoe alikuwa na yake upindoni. Wewe ulikuwa na yako wapi?"

Hakunipiga, wala hakupaza sauti. Alisema, "Kuanzia kesho maji ya gauni lako utayafuata mwenyewe. Mimi nitaleta ya kunywa."

Siku ya kwanza niliyoteremka bondeni nilikuwa na kijidebe kidogo na kiburi chote cha miaka kumi na moja. Njia ya kwenda chini ni changarawe inayoteleza; magoti yanatetemeka kabla hujafika nusu. Kule chini tulikaa foleni mpaka kivuli kikahama. Nilipokwisha kujaza, nikagundua kwamba siwezi kujitwika mwenyewe, na mama hakuwepo. Wanawake walikuwa wamekwisha kuanza kupanda. Nilisimama na debe nisiloweza kuliinua kupita kiunoni, ngata mkononi, nikitafuta nani wa kumwomba.

Aliyerudi alikuwa Mama Somoe. Aliutua mtungi wake uliojaa, kwa goti lile. Akaniwekea ngata katikati ya utosi, akainua debe, akanitwika. Akasema, "Shingo wima. Usitazame miguu, miguu inaijua njia." Kisha akainama peke yake, akaupandisha mtungi wake pajani, begani, kichwani, akatangulia.

Nilipanda nyuma yake nikitazama visigino vyake vilivyopasuka. Maji yalikuwa yakinimwagikia usoni, kwa hiyo hata kama nililia hakuna aliyejua, mimi mwenyewe nikiwa mmojawapo. Nilipofika nyumbani debe lilikuwa na nusu. Kwa nusu ile nilifua gauni, na lilipokauka nikaona halikuwa jeupe hata kidogo. Lilikuwa jeupe kwa kulinganisha na udongo tu.

Sikusema kwa Mwalimu Yakobo habari za mabibo. Kila Jumatatu nilijiambia nitasema Jumatatu ijayo, mpaka yeye mwenyewe akahamishwa, akaondoka na baiskeli yake. Utepe nilikaa nao hadi nilipomaliza darasa la nne. Halafu baba akafariki, na habari ya kwenda shule ya kati Masasi ikaisha hapo.

Somoe yuko hapa hapa. Ana mikorosho yake, ana watoto wawili, na bado kicheko chake kinafika nyumba tatu. Mume wake anafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Lindi, na kila baada ya miezi miwili barua yake ikija, Somoe huniletea mimi nimsomee. Zile silabi zilizokuwa zimeanza kuungana zilimtoka zamani. Anakaa kwenye kigoda, anaweka mtoto mgongoni vizuri, anasema, "Haya, kiranja, soma. Usirukeruke. Hata palipo na matusi usome."

Na mimi nasoma. Maneno ambayo mume amemwandikia mkewe yanapita kwanza mdomoni mwangu. Mahali anaposema amemkumbuka, sauti yangu ndiyo inayosema. Anainamisha kichwa anasikiliza, wakati mwingine ananiambia, "Hapo rudia." Narudia. Halafu anaikunja barua kwa mikunjo ile ile, anaichomeka kwenye pindo la khanga, anaondoka nayo kama kitu kisichokuwa chake kabisa. Hajawahi kunitajia gauni. Mara nyingi natamani angenitukana.

Kwa miaka mingi nilidhani kosa langu lilikuwa kumpakiza yule mwenzangu mabibo, au kusema uongo mbele ya mama. Ni juzi tu, nilipopokea barua ya kamati, ndipo nilipolisikia upya swali la mwalimu. Aliniuliza kama gauni ni safi. Akaniuliza mara ya pili. Naye alikuwa kijana, huenda mdogo kuliko mimi nilivyo sasa, na karatasi ya mlangoni ilikuwa ya mkaguzi, na ajira yake ilikuwa mikononi mwa mkaguzi. Alihitaji mtu mmoja wa kumtangulia aseme ndiyo. Alimchagua yule aliyeogopwa na mstari mzima kwa ukali, ili pasiwe na wa kubisha. Mlango alikuwa ameufungua yeye. Mimi nilitakiwa kusukuma kidogo tu. Lakini mwoga alikuwa amemtegemea mwoga mwenzake, na kati yetu Somoe akarudi nyumbani.

Tekla ameniita kutoka uani, anauliza gauni liko tayari. Nimelitazama rinda la nne. Bado limepinda. Nimelikunja hivyo hivyo.

Wanakamati, jibu langu ni hili. Watoto wavae sare. Mimi ilinifaa, ilinifichia umaskini wangu mpaka nikamaliza shule, siwezi kumnyima mtoto mwingine kivuli nilichokaa mimi. Lakini mtakapoiandika kanuni mlangoni, msiandike nyeupe. Andikeni safi. Na muhula ukianza, mtoto wa kwanza wa Somoe atakapokuja na gauni lake, la rangi yoyote atakayokuwa ameipata mama yake, naomba mniweke mimi pale mlangoni, ili akija mtu kuniuliza nipate kujibu.